Anayecheua Bado Anakula

Wanaofuga farasi huulizwa swali moja na karibu kila mtu anayeanza kujifunza kupanda: farasi akitoka malishoni, nisubiri muda gani kabla ya kumpanda? Majibu huja kwa saa. Kama amekula nafaka nyingi, mwache angalau saa 1 kabla ya kazi nyepesi, na saa 2 hadi 3 kabla ya kumkimbiza. Kama amekula majani tu na unataka kutembea naye polepole, huna haja ya kusubiri sana. Sababu zake ni za kimwili. Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na umbo lake, lita 8 hadi 15 hivi, nalo limekaa jirani kabisa na mapafu. Likijaa, mapafu hukosa nafasi ya kutanuka. Tena farasi hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite hadi mwisho, na kikikwama njiani humletea maumivu yanayoweza kumuua.

Swali hili linanivutia kwa sababu linaonekana la kitaalamu tu. Mtu akishatajiwa idadi ya saa, anaondoka ameridhika. Lakini ndani yake kuna swali jingine ambalo saa ya ukutani hailijibu: nikishamlisha mnyama, je, bado kuna kitu ananidai? Au kuanzia hapo mimi ndiye ninayemdai?

Mimi nililikuta swali hili Lyamkena, ambako farasi hakuna. Lyamkena ni kata ya mji wa Makambako, mkoani Njombe, pale ambapo barabara kuu ya Mbeya na Zambia inaachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita. Farasi hawakuwahi kuenea katika sehemu kubwa ya nchi yetu. Mbung'o na maradhi yaliwamaliza kila walipoletwa, na hata leo wachache waliopo utawakuta zaidi kwenye mashamba na vilabu vya watu wenye uwezo, Arusha au Kilimanjaro. Huku kwetu mnyama wa kazi ni maksai. Wawili hufungwa nira, mtoto hushika kamba mbele, mtu mzima hushika plau nyuma, na mstari wa udongo mwekundu hufunguka katikati.

Baba mkubwa alilima kwa maksai kwa miaka mingi. Alianza saa 12 asubuhi, upepo wa Makambako ukiwa bado unakata masikio, na kufikia saa 5 aliwafungua. Wanyama walikwenda kunywa maji na kula majani ya bondeni, kandokando ya vinyungu. Kazi ya jioni ilikuwa na saa yake ya kuisha, yaani giza, lakini haikuwa na saa ya kuanza. Mtu akimwuliza lini tunafunga tena, aliwatazama ng'ombe. Kama wamelala chini, macho nusu yamefumba, taya zinakwenda upande huu na upande huu, jibu lilikuwa bado. Alikuwa na sentensi moja kwa ajili ya wenye haraka: “Anayecheua bado anakula.”

Baadaye nilisoma habari za tumbo la ng'ombe na nikaona sentensi ile ilivyo sahihi. Ng'ombe akiwa malishoni hatafuni sana. Anakata majani, anayameza, anayajaza kwenye tumbo la kwanza kati ya sehemu nne za tumbo lake, ambalo kwa ng'ombe mkubwa linaweza kubeba lita 100 na zaidi. Kisha anatafuta mahali patulivu, analala, na kuyarudisha mdomoni tonge kwa tonge ili ayatafune upya. Kazi hiyo humchukua saa 6 hadi 8 kwa siku, karibu sawa na muda anaoutumia kuchunga. Bila kucheua, majani yanabaki mzigo tumboni. Kwa hiyo ukimtoa ng'ombe malishoni saa 6 mchana na kumfunga nira saa 6 na nusu, umempa majani lakini hujamlisha. Umemkatiza katikati ya mlo.

Hapo ndipo ninapoanza kulijibu swali langu. Tumezoea kufikiri kwamba kulisha ni tendo la mtoaji: nimetoa, nimemaliza, sasa ni zamu yako. Ng'ombe anaonyesha kwamba kulisha kunaishia kwa mpokeaji. Chakula kinakuwa chake pale mwili wake unapokuwa umekichukua, na muda unaohitajika kwa hilo ni sehemu ya chakula chenyewe. Ukitoa majani na kunyima muda, umetoa nusu.

Kiswahili kina methali inayojua jambo hili, ingawa tunaitumia kwa kuikata. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, alipotaka kuonyesha kwamba katika jamii ya kale hapakuwa na nafasi ya wanyonyaji wanaokula bila kufanya kazi. Tangu shuleni tumeisikia methali hiyo kama fundisho kuhusu jembe. Lakini isome tena taratibu. Kabla ya jembe kuna siku mbili, na hakuna sharti lililowekwa juu yake. Mgeni hajaulizwa kama anastahili, wala hajaambiwa kwamba siku hizo ni mkopo. Aliyeitunga alijua kwamba aliyetoka safari anahitaji kula, kulala, na kuamka akiwa mtu tena kabla ya kudaiwa chochote. Jembe la siku ya tatu lina haki kwa sababu siku mbili zilitolewa kweli.

Wapo wanaoruka siku hizo. Katika nyumba nyingi za mjini kuna binti aliyeletwa kutoka kijijini kusaidia kazi, na neno analolisikia mara kwa mara ni kwamba anakula bure. Kila sahani inahesabiwa kama malipo ya awali. Akikaa kidogo baada ya kula, anaulizwa amechoka na nini. Mwenye nyumba huyo si lazima awe mkatili kwa tabia. Anaamini tu kwamba chakula kikishaingia mdomoni mwa mwingine, deni limehamia upande wa pili. Imani hiyohiyo ndiyo inayomfunga maksai nira akiwa na tonge mdomoni.

*

Mtu anaweza kusema kwamba nakuza jambo dogo. Mwenye ng'ombe atasubiri kwa sababu ni mali yake. Akimlimisha na tumbo limejaa, ng'ombe atachoka mapema, atakonda, huenda ataumwa, na hasara itarudi kwa mwenyewe. Vivyo hivyo mwenye farasi anasubiri saa zake 2 kwa sababu matibabu ya farasi ni ghali. Maadili ya nini hapo? Hesabu inatosha.

Ni kweli hesabu hufika mbali. Lakini kuna mahali inaposimama, na Lyamkena napajua mahali hapo kwa aina mbili.

Aina ya kwanza ni maksai wa kukodi. Asiye na ng'ombe hulipa ili alimiwe, na mara nyingine huchukua wanyama kwa siku nzima. Kwa aliyekodi, kila saa ambayo ng'ombe amelala chini ya mti ni pesa iliyolala naye. Ng'ombe akikonda mwezi ujao, hatakuwa kwake. Hesabu yake inamwambia afunge nira mara tu mnyama anapoinua kichwa kutoka mtoni.

Aina ya pili ni maksai mzee. Baba mkubwa alikuwa na mmoja ambaye msimu ule ulikuwa wake wa mwisho, alishapangiwa kupelekwa mnadani, na kila mtu alijua mnunuzi angekuwa mchinjaji. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha shamba. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Njombe, na yule mzee alikuwa amelala anacheua. Binamu yangu akasema lile ambalo sote tulikuwa tunalifikiri.

“Baba, huyu si anakwenda mnadani? Tumfunge tumalize kipande hiki.”

Baba mkubwa hakugeuka. “Kucheua si kwa ajili ya kesho,” alisema. “Anacheua alichokula leo.”

Kipande hakikuisha siku ile. Usiku mvua ilinyesha kubwa, na tulirudi shambani siku ya tatu, udongo ulipokauka kidogo. Kusubiri kulitugharimu siku mbili, na sioni sababu ya kudai kwamba tulilipwa kwa njia nyingine.

Jibu lile bado nalipima kwa wanafalsafa tunaowasoma. Kant alifundisha kwamba wajibu wetu kwa wanyama ni wa kuzungukia: anayemtesa mnyama anaufanya moyo wake mgumu, na mwishowe atawatesa watu. Kwa Kant, baba mkubwa angekuwa anailinda tabia yake mwenyewe, na pengine ya binamu yangu. Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alisema swali la msingi kuhusu mnyama ni kama anaweza kuumia, wala si kama anaweza kufikiri au kusema. Kwa Bentham, tungepima maumivu ya maksai mzee kwa saa mbili za jioni dhidi ya faida ya kumaliza shamba kabla ya mvua, na sina hakika ng'ombe angeshinda.

Baba mkubwa hakusema chochote kuhusu moyo wake, wala hakupima maumivu. Alisema kwamba mnyama yule alikuwa katikati ya jambo lake. Nadhani hilo ni dai la tatu, na ndilo ninaloliona zito zaidi. Maksai ana kazi zetu, lakini pia ana kazi yake, nayo ni kuishi. Kucheua ni sehemu ya kazi hiyo. Kuuzwa kesho hakuifanyi leo yake kuwa yetu. Ukikubali kwamba asiye na kesho hana haki ya mapumziko ya leo, jiulize utasemaje kuhusu mgonjwa ambaye hatapona, au kibarua ambaye mkataba wake unaisha Ijumaa.

Wakristo, ambao ni wengi Njombe, wanayo amri ya kale inayogusa hapo. Torati inakataza kumfunga ng'ombe kinywa anapopura nafaka. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliuliza kama kweli Mungu anajishughulisha na ng'ombe, kisha akaigeuza amri ile kuwa hoja ya haki ya watumishi wa Injili kupata riziki. Mahubiri mengi yamefuata njia hiyo, na hoja ya Paulo kuhusu watumishi ina maana yake. Lakini amri ilitolewa kwa mtu aliyesimama kwenye uwanja wa kupuria na ng'ombe halisi mbele yake, na ningependa tuisome kwanza pale ilipotolewa. Mfano unaofaa kwa watu ulianza kwa kuwa kweli kwa ng'ombe.

*

Kuna tahadhari moja. Tukigeuza kusubiri kuwa kanuni ya saa tu, kusubiri nako kunaweza kuwa ukatili. Wapanda farasi wamejifunza hilo. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, kwa kuwa mwili wake umeumbwa kwa mnyama anayekula majani kidogo kidogo karibu siku nzima. Kutafuna ndiko kunakoleta mate yanayoipoza asidi hiyo. Anayemnyima majani kwa saa nyingi ili “tumbo liwe tupu” kabla ya safari anampandisha barabarani na asidi inayoruka hadi sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga, na vidonda hufuata. Ndiyo maana wataalamu wengi sasa hushauri farasi apewe majani kidogo kabla ya kupandwa. Na hata Lyamkena utamkuta maksai amefungwa kwenye mti tangu saa 5, juani, bila maji, na mwenyewe akakwambia anapumzika. Saa zimetimia, ila mnyama hajapata kitu.

Kwa hiyo swali la muda gani, likiulizwa peke yake, linaweza kujibiwa vizuri na bado mnyama akadhulumiwa. Kinachotakiwa ni kumtazama yeye. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia, na hilo ni jambo kubwa kuandikwa na Bunge. Lakini hakuna ofisa atakayekaa bondeni kuangalia taya za ng'ombe. Mlinzi wa muda ule ni yule aliyeshika nira.

Na mara nyingi aliyeshika nira hana uhuru mkubwa. Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu. Kazi ya kulima huja mwishoni mwa kiangazi na mwanzo wa mvua, wakati ambapo majani yamekwisha na maksai wamekonda kuliko msimu wowote. Kazi nzito kabisa inaangukia mwili dhaifu kabisa, na siku za kupanda mahindi ni chache. Anayechelewa wiki mbili anaweza kuvuna nusu. Ukimwambia mtu huyo asubiri ng'ombe acheue, unamwambia awahatarishie watoto wake ugali. Mimi niliyesoma habari za Kant kwenye kiti cha maktaba sina haki ya kumwambia hivyo kwa sauti kubwa.

Lakini tuangalie pingamizi hilo linatupeleka wapi. Halisemi kwamba ng'ombe hadai kitu. Linasema kwamba anayemdhulumu naye amebanwa. Deni halijafutika, limepanda ngazi moja juu. Limekwenda kwa aliyepanga bei ya kulima iwe ndogo kiasi kwamba hakuna anayeweza kupumzika, na kwa mnunuzi wa viazi anayetaka mzigo uwe kando ya barabara kabla lori halijapita. Historia yetu inaujua mpango huu vizuri, kwa sababu kwa muda mrefu mnyama wa kubeba alikuwa mtu. Misafara ya karne ya 19 kutoka pwani ilibebwa mabegani na wapagazi, kilo 30 hivi kila mmoja, kwa kuwa wanyama walikufa njiani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyofika nyanda hizi mwaka 1916, Malangali na Njombe, majeshi yalitegemea wapagazi kuliko magari. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Moja ya mambo yaliyowaua ni posho: unga wa mahindi uliopikwa haraka, nusu mbichi, kwa watu waliofika kambini usiku na kuondoka alfajiri, wengine wakiwa hawajauzoea kabisa. Matumbo yao yalishindwa, wakaharisha hadi kufa. Daftari la stoo lingeonyesha kwamba walilishwa. Muda wa kupika na wa kula haukuwa na safu kwenye daftari. Jina la kikosi chao limebaki Dar es Salaam, kwenye Kariakoo, na tunapita pale kila siku tukitafuta bei nafuu.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko ya angalau dakika 60. Ni kipimo cha saa, kina mapungufu yale niliyoyataja, lakini kina jambo moja zuri: hakimwulizi mfanyakazi kama kesho bado atakuwepo. Tatizo ni kwamba kijana anayepakia lumbesa za viazi Makambako halipwi kwa saa. Analipwa kwa gunia. Anakula wali wake amesimama, mkono mmoja ukiwa umeshika sahani, macho yakiwa kwenye lori, kwa sababu akikaa, gunia lake litabebwa na mwingine. Hakuna anayemkataza kupumzika. Amewekewa bei ambayo ndani yake pumziko halimo.

Tunao msemo kwa ajili ya hali hii: afe punda, mzigo ufike. Siku hizi tunausema kwa kujisifu, tukiwa na maana kwamba tumejitolea hadi mwisho. Wanafunzi wenzangu huuandika wiki ya mitihani. Ukiusikiliza vizuri, msemaji wake si punda, wala si yule anayetembea pembeni ya punda ameshika kamba. Ni mtu aliyeko mwisho wa safari, anayeusubiri mzigo. Yeye pia anajua kusubiri, ila anachokisubiri ni chake.

Anayetaka kujua asubiri muda gani anaweza kuanzia kwenye saa za wapanda farasi, ni saa nzuri. Kisha amtazame mnyama kama amemaliza. Na kama yeye ndiye anayeusubiri mzigo, basi bei anayoilipa iwe na nafasi ya ng'ombe kulala chini, na ya mtu kukaa na sahani yake hadi mwisho.